Kiwanja cha Mama

Saini yangu iliombwa siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, na nililazimika kuomba ruhusa ya vipindi viwili shuleni ili nikaitoe. Mume wangu alikuwa anakopa. Nyumba yetu ya Ruangwa, ile tuliyohamia ikiwa haina dari wala vioo, ndiyo ingekuwa dhamana, na benki haipokei nyumba ya wanandoa mpaka mwenza aseme kwa maandishi kwamba ameridhia. Ofisa wa mikopo, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa miaka michache iliyopita, alimwomba mume wangu atupishe kidogo. Alipotoka, kijana akanigeukia.

"Mama, umeelewa unachosaini? Hakuna aliyekulazimisha?"

Nikasema nimeelewa, na hakuna aliyenilazimisha. Nikasaini sehemu tatu, nikaweka na dole gumba.

"Lazima tuulize," akasema akikusanya karatasi. "Wengine wanakuja kujua siku ya mnada."

Nilitoka pale nikijiona mtu niliyeheshimiwa, na kweli nilikuwa nimeheshimiwa. Aibu ilinijia njiani, nikiwa kwenye bodaboda, namwona mume wangu mbele yangu kwenye bodaboda nyingine, bahasha ameibana kwapani. Kule Nachingwea, pembezoni mwa mji, nilikuwa na kiwanja. Nilikinunua mwaka 2019 kwa fedha zangu, nikaandikisha jina la mama yangu, na huyu mwenye bahasha hakuwa anajua. Yeye sheria ilimtaka aniulize. Mimi nilikuwa sijaulizwa na mtu.

Nafundisha Uraia, na kila mwaka nafika kwenye mada ya familia. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuzigeuza mali za watu wawili kuwa chungu kimoja. Kifungu cha 58 kinamwachia kila mmoja mali yake. Kifungu cha 59 kinasema nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Darasani kwangu Waislamu ndio wengi, na wao hili la kwanza wanalijua kutoka madrasa: mali ya mke ni ya mke. Wasichana hulipenda somo hili. Wavulana huuliza maswali ya kejeli, kisha siku ya mtihani wanajibu vizuri kuliko wasichana.

Kwa hiyo sikuwa nimevunja sheria yoyote, si ya Bunge wala ya dini. Ningeweza kukinunua kile kiwanja mchana kweupe, kwa jina langu, na mume wangu asingekuwa na pa kunishitakia. Ndiyo maana swali lilinikaa kooni. Kama nilikuwa na haki ya kuwa nacho, nilikificha kwa nini? Na kukificha ni kosa la aina gani, kama ni kosa?

Niwapeleke kwanza kwa baba yangu.

Baba alikuwa Mmwera, na mama ni Mmwera. Wasomaji wa bara huenda wasijue kwamba huku kwetu, kwa Wamwera, Wayao na Wamakonde, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama. Mwanamume alioa akahamia kwa kina mke. Akalima shamba la ukweni, akajenga kwenye ardhi ya ukweni, na watoto wakawa wa ukoo wa mama yao, mkubwa wao wa mambo akiwa mjomba. Akifa, vitu vyake vilikwenda kwa watoto wa dada zake, wapwa. Ukilisikia hilo leo utadhani ni dhuluma kwa mjane. Lakini hebu fikiri vitu vyake vilikuwa nini: mundu, bunduki ya gobore, nguo, baadaye baiskeli. Mjane alibaki palepale alipokuwa kabla ya kuolewa, kwenye ardhi ya mama yake, karibu na kaka zake. Aliyekuwa mgeni pale ni marehemu.

Mila ile ilikuwa na akili. Ilichohitaji ni kitu kimoja tu, mwanamke asiondoke kwao.

Mama aliondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baba alipata kazi Nachingwea mjini, akamchukua mama kutoka kijijini, wakapanga, kisha wakapata kiwanja, wakajenga. Nachingwea ni mji wa watu kuja na kuondoka. Waingereza waliuchangamsha mwaka 1947 kwa ule mpango wao wa karanga, wakaleta matrekta na reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukafa, na miaka kumi na kidogo baadaye hata reli yenyewe iling'olewa. Baadaye wakaja FRELIMO wakafanya mafunzo yao Farm 17. Kwa hiyo mji ulizoea watu wanaojenga bila kuuliza ardhi itabaki kwa nani. Wazazi wangu nao hawakuuliza. Fedha ya tofali ilikuwa mshahara wa baba, fedha ya bati ilikuwa korosho za mama kutoka kwenye mikorosho aliyoachiwa na bibi, na vitumbua vyake vya asubuhi vikalipa fundi. Kwenye karatasi pakaandikwa jina moja.

Baba alifariki mwaka 1996. Nilikuwa na miaka tisa. Baada ya arobaini walikuja watu wa upande wake, kwa heshima zote, wakakaa kwenye mkeka, wakasema wamekuja kuangalia vitu vya mjomba wao. Hapakuwa na gobore wala baiskeli. Palikuwa na nyumba ya vyumba vinne. Mila ilikuwa imetufuata mjini, lakini ardhi ya bibi ilibaki kijijini, na mama akawa mjane asiye na kwao pale anapoishi. Tuliondoka na cherehani, masufuria, na godoro moja lililofungwa kamba ya katani. Mjomba alitupokea.

Naweza kuwaeleza leo kwamba mama angeweza kwenda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Naweza pia kuwaeleza habari ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kesi ambayo Mahakama ya Rufani iliiamua mwaka 1983, ikasema kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuipata mali ya familia. Kesi hiyo huwa naipenda kwa sababu ya upande wake ambao husemwa kidogo: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikwishapewa na mumewe fedha za kuanzishia mradi, akazitapanya. Alishinda hoja akatoka mikono mitupu, na wanawake wote waliokuja nyuma yake wakala matunda. Lakini ile ilikuwa kesi ya talaka, si ya kifo, na mwaka 1996 mama hakuwa na habari nayo. Alichokuwa nacho ni neno moja ambalo amekuwa akinirudia tangu nikiwa msichana: "Mwanangu, usijenge kwa mtu."

Neno hilo lilikaa ndani yangu kuliko lolote nililosoma chuoni. Niliolewa mwaka 2015 na mwanamume mwema, mwalimu wa shule ya msingi, asiyekunywa, asiyenyanyua mkono, anayeosha vyombo hata wageni wakiwepo. Nilimpenda na bado nampenda. Na tangu mwezi wa kwanza wa ndoa nilikuwa nacheza upatu ambao hakuujua.

Kiwanja nilikipata baada ya msimu mbaya wa korosho. Mnakumbuka Novemba 2018: wanunuzi walipoleta bei za chini wakulima wakagoma kuuza, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba. Bei ilikuwa nzuri. Malipo, kwa wengi, yalichukua miezi. Mtu mwenye tani mbili ghalani alikuwa anakopa unga. Wenye fedha mkononi walinunua vitu kwa bei ya kutupa: pikipiki, mabati, mashamba. Mimi nilikuwa na milioni moja na laki tatu za upatu. Dalali akaniambia yupo mzee anauza, ana haraka.

Mbele ya mwenyekiti wa mtaa tulikaa watu sita. Mimi niliuliza, kwa sababu nafundisha Uraia, kama mke wa muuzaji anajua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mnunuzi aulize. "Anajua," akasema mzee. Nikasema aje. Akaitwa, akaja na mtoto mgongoni, akachuchumaa karibu na mlango. Mwenyekiti akamweleza. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi nitalima wapi mbaazi?" Hakuna aliyemjibu. Mumewe akamtazama. Akanyoosha kidole, wakampaka wino, akagandamiza pale palipoandikwa *Mke wa muuzaji*. Aliponyanyuka hakutazama mtu yeyote, akafuta kidole kwenye khanga.

Mimi nilihesabu fedha. Milioni moja na laki mbili. Nikajiambia nimefuata taratibu zote.

Kwa miaka minne niliisimulia nafsi yangu hadithi ya kiwanja kile kama hadithi ya mwanamke aliyejifunza kutokana na machozi ya mama yake. Yule mwenye kidole cha wino hakuwamo.

Sasa nirudi kwenye swali. Hoja ya kujitetea naijua, nimeisema moyoni mara nyingi, na marafiki zangu wengi walimu na wauguzi wanaitumia: kiwanja cha siri ni akiba ya dharura. Anayefunga mkanda kwenye basi la Masasi hamtuhumu dereva kuwa ni mlevi. Mwandishi wa Kiingereza Virginia Woolf, mwaka 1929, aliandika kwamba mwanamke akitaka kuandika anahitaji fedha zake na chumba chake. Bibi zetu walilijua hilo bila kusoma, ndiyo maana kila mmoja alikuwa na sanduku lenye kufuli. Sioni ubaya kwenye sanduku. Kila mtu anayelala ndani ya nyumba anajua sanduku lipo, hata kama hajui kilichomo. Langu mimi halikuwa sanduku. Lilikuwa shimo chini ya kitanda.

Tofauti hiyo niliielewa nilipoanza kuhesabu gharama zake, na hapa sizungumzii ile milioni moja na laki mbili.

Mwaka 2020 nyumba yetu ya Ruangwa ilikuwa imefika kwenye lenta, ikasimama. Tulikuwa tunakosa fedha ya kupaua, kama milioni moja na nusu kwa mbao na bati. Mume wangu alikaa na kalamu usiku akiandika na kufuta. "Mama watoto, hatuna hata kitu cha kuuza?" aliniuliza. Nikasema hatuna. Niliona ni jibu la kweli, maana kiwanja si chetu, ni cha mama. Tukapanga miaka miwili zaidi, shilingi elfu arobaini kwa mwezi. Ni laki tisa na elfu sitini. Boma letu likapigwa na mvua za misimu miwili, kozi za juu zikaanza kumung'unyuka, watoto wa jirani wakaliita pagale.

Kisha barabara ya lami kutoka Nanganga ikaja, makampuni ya madini ya kinywe yakaja, na Namungo ilipopanda Ligi Kuu, siku ya Simba au Yanga nyumba za wageni zikawa zinajaa mpaka watu wanalala kwenye magari. Ruangwa kila mtu akawa dalali. Mume wangu akaanza kusema tununue kiwanja cha biashara, na akauliza: je, tukitazame Nachingwea, ambako bei bado si kali? Nilipinga kwa nguvu. Nilimpa sababu za kitaalamu: wapangaji wachache, maji, umbali wa kusimamia mafundi. Alinisikiliza kama mtu anayemsikiliza mwalimu. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba siku tukianza kutembea mitaa ya Nachingwea tukiulizia viwanja, kuna mtu angesema, "Mbona mama yenu ana kimoja pale?"

Hapo ndipo naona kosa lilipo. Kuwa na kitu bila kukitangaza naweza kukitetea mbele ya yeyote. Lakini mtu mnayeamua naye anategemea kwamba ushauri unaompa umetoka kwenye akili yako, haukutoka kwenye hofu ya kugunduliwa. Kile kiwanja kilikuwa kimekaa mezani kwetu miaka minne, kikipiga kura, na mume wangu hakukiona.

Aristotle alimpinga mwalimu wake Plato aliyetaka walinzi wa mji wawe na mali za pamoja, hata familia za pamoja. Akasema kilicho cha wengi hutunzwa kidogo. Naona alisema kweli juu ya zahanati na juu ya choo cha shule. Juu ya ndoa sina hakika. Na upande wetu tuna Nyerere, aliyeandika *Mali ya Taifa* mwaka 1958 akikataa ardhi kuwa bidhaa ya mtu binafsi. Mpaka leo ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini, na mwenye hati ana haki ya kutumia tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Huwa nacheka peke yangu. Wapwa wa baba, mama, mimi, yule mzee na mkewe, wote tuligombea au kuficha kitu ambacho kwa maandiko hakuna kati yetu mwenye nacho.

Nilimwambia Ijumaa ile, siku mbili baada ya benki. Watoto walikuwa wamelala, alikuwa anapiga pasi. Nilimwambia yote, upatu, kiwanja, jina. Nilijiandaa kwa kelele. Aliendelea na shati mpaka kola, akachomoa pasi, akakaa.

"Jina ni la nani?"

"La mama."

"Na mama Mungu akimchukua, kinakuwa cha nani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nalo. Mama ana watoto wanne, kaka zangu watatu na mimi. Kwa mirathi ya dini yetu kila kaka anachukua mara mbili ya fungu langu. Yaani katika kumkwepa mtu ambaye hajawahi kuninyang'anya hata rimoti ya televisheni, nilikuwa nimekipeleka kiwanja mahali ambapo mimi ningepata sehemu moja kati ya saba, na binti yangu apate kinachobaki kwenye hiyo. Nilikuwa nimejenga kwa mtu, na mtu mwenyewe ni mama.

"Mwalimu wa Uraia," mume wangu akasema. Hakucheka. Kisha, baada ya muda mrefu, "Ile miaka miwili ya kodi."

Alikuwa ameshahesabu. Hilo ndilo lililomuuma, na mpaka leo sijui kama limepoa. Hatulizungumzi. Mkopo tulichukua, vyumba vinajengwa, na kila karatasi siku hizi ananiletea niisome mwanzo mpaka mwisho hata ikiwa ni risiti ya misumari. Wakati mwingine naona ni heshima. Wakati mwingine naona ni adhabu.

Mwezi Agosti tulikwenda Nachingwea sote wawili kumweleza mama kwamba tunataka kubadilisha jina. Mume wangu alitaka yaandikwe majina mawili, langu na la binti yetu. Jina lake alilikataa mwenyewe, na sikumbembeleza. Mama alitusikiliza akichambua mboga. Alipomaliza fungu aliniuliza mimi, si mkwewe:

"Kiwanja hiki ulinipa, au ulinifichia?"

Nikanyamaza.

"Maana kama ulinipa, mtu haombwi alichopewa. Na kama ulinifichia, miaka yote hii ulinifanya mwizi wa mkwe wangu, naye ananiletea sukari kila sikukuu."

"Mama, hakuna aliyekuita mwizi," mume wangu akasema.

"Najua, baba. Wewe hukuwa unajua."

Hakukataa na hakukubali. Alisema kwanza twende tukakione, maana mimi tangu nikinunue nilikuwa nimekanyaga pale mara mbili tu, nikipita haraka kama mtu anayedaiwa. Tulikwenda kwa miguu. Mbaazi zilikuwa zimekomaa, zimesimama kupita kichwa changu, zimekauka maganda. Nilidhani mama ndiye aliyelima. Katikati yake alikuwapo mwanamke aliyejifunga khanga kiunoni, anakata na kurundika.

"Huyo ndiye mwenye kiwanja," mama akasema, kama jambo la kawaida. "Nilimwambia alime, tunagawana. Peke yangu ningeweza wapi?"

Mwanamke akainuka, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua. Nilimtambua kabla yeye hajanitambua. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akamtazama mume wangu, ambaye tayari alikuwa ameanza kuhesabu hatua kutoka kwenye jiwe la mpaka.

"Anapima nini?" akaniuliza.

Mume wangu akasimama kwenye hatua ya kumi na moja, akageuka kunitazama mimi. Mama alikuwa ameshainama, anafunga mzigo wa kwanza wa mbaazi.

"Baba," akamwita mkwewe, "kabla hujafika mwisho, njoo unitwishe hizi."